Abiria mkorofi angani: kwa nini hakufungwa pingu, na wewe jirani ungefanya nini

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Kwa ambao hawakuuona: mleta mada alikuwa kwenye safari ya usiku ya masaa manane, kakaa siti ya ujiani. Dirishani kulikuwa na jamaa aliyelewa, na katikati yao dada mmoja anayesafiri peke yake. Yule jamaa akawa anamwegemea dada, anamgusagusa paja, akisogezwa anatukana. Dada akabonyeza kengele. Mhudumu akaja, akaongea na jamaa kwa upole, akaondoka. Ikawa hivyo mara tatu. Mwishoni dada akahamishiwa siti ya nyuma karibu na choo, jamaa akabaki palepale anakoroma, na ndege ilipotua akashuka kama abiria wengine wote. Sasa mleta mada anauliza: kwa nini hakufungwa pingu? Kwa nini rubani hakugeuza ndege? Na je, yeye kama abiria angemshika kwa nguvu, angekuwa na kosa?

Nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka 14, na sita ya mwisho nilikuwa kiongozi wa wahudumu. Kazi nimeshaacha, kwa hiyo hapa simsemei mwajiri yeyote. Nitajibu maswali yako yote matatu, ila naomba uvumilivu, kwa sababu jibu la pingu linaanzia mbali kidogo.

Linaanzia mlangoni. Yule mhudumu anayesimama mlangoni akisema "karibu" yuko kazini tayari. Anatazama macho yako, anasikiliza kama ulimi unakuburuza, anaona kama umeshika kiti ili usiyumbe, anaona nani amekuja na nani. Nafasi nzuri kuliko zote ya kumzuia abiria mkorofi ni hiyo, ndege ikiwa bado imeegeshwa. Milango ikishafungwa, huyo ni wetu mpaka mwisho wa safari. Hakuna polisi wa kuita, hakuna mlango wa kumtolea.

Lakini kumshusha abiria si kitu chepesi. Akishuka yeye, na begi lake lishuke, kwa sababu begi haliruhusiwi kusafiri bila mwenyewe. Kanuni hiyo ilikazwa sana baada ya bomu lililowekwa kwenye sanduku kuilipua ndege ya Pan Am 103 juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, mwaka 1988. Kwa hiyo wapakiaji wanaingia tena tumboni mwa ndege, wanatafuta begi moja kati ya mamia, na dakika 30 au 40 zinayeyuka. Hapo ndipo mtu wa ardhini, yaani mfanyakazi anayeshughulikia ndege uwanjani, anaangalia saa yake na kutamka maneno mawili ambayo nimeyachukia kwa miaka yote: "Atalala tu."

Nikusimulie safari moja. Ilikuwa ya usiku, masaa saba. Akaingia bwana wa makamo, suti nzuri, jasho linamtiririka shingoni ilhali ile njia ya kuingilia ilikuwa na baridi. Nikamsalimia, akaitikia akiwa ameshanipita hatua tatu. Mkononi alikuwa na mfuko wa duka la uwanjani, umezibwa, chupa ndani. Nikamwambia mwenzetu wa ardhini kwamba huyu simwamini. Akatazama saa. "Atalala tu." Nikakubali, na kukubali huko ni kosa langu, silisukumi kwa mwingine.

Kweli alilala. Saa ya nne akaamka. Baadaye tulikuja kujua kwamba alimeza vidonge vya usingizi akavisindikiza na wiski yake mwenyewe, chupa aliyoifungulia chooni. Vidonge vile vikikutana na pombe vinaweza kumfanya mtu asimame, atembee na kuongea, macho yakiwa wazi kabisa, lakini mwenyewe hayupo. Alidhani yuko nyumbani kwake na kuna mtu kamfungia kwa nje. Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma wa kulia akashika mkono wake wa kufungulia, akaanza kuuvuta.

Hapa niweke jambo sawa, maana watu huogopa mno: ndege ikiwa juu kabisa, mlango ule haufunguki kwa nguvu za binadamu. Hewa iliyobanwa ndani inausukuma kwenye fremu yake kwa uzito wa tani kadhaa. Hatari ya mlango ipo ndege ikiwa chini, pale tofauti ya hewa ya ndani na ya nje inapokuwa ndogo. Mei 2023 abiria mmoja wa shirika la Asiana alifungua mlango wa ndege ikiwa mita 200 na ushei kutoka ardhini, karibu kutua Daegu, Korea Kusini. Wote walitoka hai, ila zile picha za upepo ukiwachapa abiria usoni nadhani wengi wenu mliziona.

Kwa hiyo usiku ule mlango haukunitisha. Kilichonitisha ni mtu wa kilo 100 anayepigana na ndoto ndani ya jiko la nyuma, sehemu ambayo ukinyoosha mikono yote miwili unagusa pande zote, na pembeni kuna mabirika ya maji ya moto. Mwenzangu aliyahamisha kwanza. Wala hakuambiwa. Mimi nikachukua orodha ya siti, nikatafuta jina lake, nikamwita kwa jina. Akageuka. Nikasimama kiubavu, viganja wazi, sauti ya chini kuliko yake, nikampa njia mbili: akae hapa kwenye kiti changu, au nimsindikize kwenye siti yake. Mbili tu, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa ukimpa maelezo marefu anaona unamzunguka. Kwa sekunde kama 20 nikaamini tumemaliza. Kisha kiwiko chake kikampata mwenzangu kwenye taya.

Hapo nikapiga simu kwa kapteni. Rubani hatoki kuja kutuamulia ugomvi. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, mlango wa chumba cha marubani ni wa kuzuia risasi na unabaki umefungwa, na kapteni anaamua kwa kusikia tunachomwambia. Akaruhusu pingu. Tukawaomba abiria wawili wanaume wa siti za jirani watusaidie, nao wakakubali. Pingu zetu ni za plastiki, kamba pana ambayo ukiivuta inalia trrr na hairudi nyuma, unaikata kwa kifaa maalumu. Mikono ikafungwa, mkanda wa nyongeza ukapita juu ya mapaja, akakalishwa wima siti ya nyuma kabisa.

Watu wanadhani kazi imeishia hapo, kumbe ndiyo inaanza. Mtu uliyemfunga ameacha kuwa na mikono. Mikono yake ni wewe. Kila baada ya dakika 10 nilipitisha vidole viwili chini ya kamba kuona kama imembana, nikaminya kucha zake nione damu inarudi. Hakuna kumlaza kifudifudi hata kidogo, wala mtu kumkalia mgongoni, kwa sababu aliyetoka kupigana akilazwa hivyo anaweza kukata pumzi huku mkidhani ametulia. Mhudumu mmoja hambanduki. Na ikitokea dharura ndege itue na watu watoke, huyo hana mikono ya kufungua mkanda wake wala kujishikilia kwenye ule mteremko wa kutokea wakati wa dharura. Lazima wawili waliopangwa wamtoe. Ndege huthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90. Fikiria sekunde hizo ukiwa na mtu aliyefungwa.

Saa moja kabla ya kutua akazinduka. Akatazama mikono yake muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana: "Dada, nimeua mtu?"

Ndiyo maana, mkuu, pingu ni kitu cha mwisho. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linapanga fujo za ndani ya ndege katika ngazi nne. Ya kwanza ni maneno na ukaidi: matusi, kukataa mkanda, kuvuta sigara chooni. Ya pili ni kugusa mwili wa mtu, kupiga, kusukuma, kushika pasipo ridhaa. Ya tatu ni kuhatarisha maisha, kama kutoa silaha au kumkaba mtu. Ya nne ni kujaribu kuingia kwa marubani. Kila ngazi ina hatua zake, na ngazi ya kwanza silaha yetu kubwa ni maneno: kubadilisha mhudumu kwa sababu pengine sura yangu ndiyo imemkera, kuchelewesha kinywaji, kusimamisha pombe kabisa, kumpelekea barua ya onyo inayosomeka kwamba kapteni ameshajulishwa. Ile barua inasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Karatasi humfanya mtu aone kesho yake.

Ila wewe uliyosimulia si ngazi ya kwanza. Kushika paja la mtu asiyetaka ni ngazi ya pili. Nitarudi hapo.

Kuhusu kugeuza ndege. Kapteni anapima vitu vingi kwa wakati mmoja. Ndege iliyojaza mafuta ya safari ndefu inaweza kuwa nzito kuliko uzito unaoruhusiwa kutua, kwa hiyo ama imwage mafuta au izunguke kuyachoma. Marubani na wahudumu wana kikomo cha masaa ya kazi. Mkitua kwingine mnaweza kushindwa kuendelea, na abiria 300 wakalala sakafuni. Kama vurugu imedhibitiwa, mara nyingi kuendelea ni salama zaidi kuliko kutua usiku kwenye uwanja usiouzoea. Kama haijadhibitiwa, tunatua, na gharama hazihesabiwi.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo abiria wengi wanapokasirika wakiona mkorofi anatembea huru. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 ndio unaompa kapteni mamlaka: anaweza kuamuru mtu adhibitiwe, ashushwe, au akabidhiwe kwa vyombo vya dola. Mamlaka hayo yanaanza milango yote ya nje ikifungwa na yanaisha mlango mmojawapo ukifunguliwa watu washuke. Lakini mkataba huo uliiweka haki ya kushtaki hasa mikononi mwa nchi iliyosajili ndege. Sasa chukua ndege ya kukodi, imesajiliwa nchi moja, inaendeshwa na shirika la nchi ya pili, inatua nchi ya tatu. Polisi wa nchi ya tatu anakuja, anasikiliza, anasema kosa halikutendeka kwetu. Yule bwana wa suti ndicho kilichompata: tukiwa bado tunajaza fomu, mwenzangu kashika barafu kwenye taya, yeye alikuwa ameshaachiwa. Sikumchukia, alikuwa mtu mwenye aibu kubwa usiku ule. Lakini mwenzangu alistahili zaidi ya fomu.

Pengo hilo ndilo lililoletewa Itifaki ya Montreal ya 2014, inayozipa haki ya kushtaki nchi ndege inapotua na nchi ya shirika linaloiendesha. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020, baada ya Nigeria kuwa nchi ya 22 kuiridhia. Inazifunga nchi zilizojiunga tu, kwa hiyo kama nchi yako bado, hilo ni jambo la kuwauliza wabunge wenu. Ziko nchi zenye meno ya kwao wenyewe pia: Uingereza ukilewa ndani ya ndege unaweza kufungwa hadi miaka miwili, na ukihatarisha ndege hadi mitano. India mwaka 2017 ilianzisha orodha ya marufuku ya kupanda ndege yenye madaraja matatu, kuanzia marufuku ya hadi miezi mitatu kwa maneno mpaka miaka miwili au zaidi kwa anayetishia maisha. Marekani mwaka 2021 ilipokea karibu taarifa 6,000 za abiria wakorofi, nyingi zikihusu barakoa, ikaacha kutoa maonyo na kuanza kutoza faini moja kwa moja.

Na kama kuna anayedhani tunakuza mambo, chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilihesabu tukio moja katika kila safari 835 mwaka 2021, na moja katika kila safari 568 mwaka 2022. Mhudumu anayeruka mfululizo lazima akutane nalo.

Ngazi ya nne naitaja kwa sababu inajibu swali lako la tatu. Tarehe 29 Desemba 2000 ndege ya British Airways, Boeing 747 yenye karibu watu 400, ilikuwa inatoka London kwenda Nairobi. Wakati huo milango ya marubani bado ilikuwa ya kawaida. Abiria mwenye maradhi ya akili akaingia, akang'ang'ania usukani, mfumo wa kujiendesha ukazimika, ndege ikainua pua kisha ikaporomoka maelfu ya futi. Marubani na abiria waliokimbilia mbele wakamng'oa pale, na ndege ikatua Nairobi salama. Mwaka uliofuata, Desemba 2001, yule aliyejaribu kulipua bomu alilolificha kiatuni kwenye ndege ya American Airlines kutoka Paris kwenda Miami aligunduliwa na mhudumu aliyenusa kiberiti, akazidiwa nguvu na wahudumu na abiria, akafungwa kwa mikanda waliyovua viunoni.

Kwa hiyo ndiyo, sheria inakutambua. Mkataba uleule wa Tokyo unasema kapteni anaweza kumuomba au kumruhusu abiria asaidie, lakini hawezi kumlazimisha. Na abiria yeyote anaweza kuchukua hatua ya kiasi bila kuruhusiwa na mtu, iwapo ana sababu za msingi za kuamini kwamba inahitajika papo hapo kulinda ndege, watu au mali. Ukifanya ndani ya mipaka hiyo, hushtakiwi kwa hilo. Zingatia "kiasi" na "papo hapo". Kumshika mkono jamaa anayempiga mtu, sawa. Kumpiga ngumi kwa sababu alitukana dakika 20 zilizopita, hapana. Hapo unakuwa mkorofi wa pili na sisi tunakuwa na watu wawili wa kudhibiti katika ujia ambao watu wawili hawapishani.

Kinachotusaidia zaidi ni kidogo kuliko hicho. Usingoje kengele. Inuka, njoo jikoni, sema namba ya siti na ulichokiona kwa macho yako: "32A kamshika paja 32B mara mbili, nimeona mimi niliyekaa 32C." Sentensi hiyo inabadilisha kila kitu, kwa sababu mhudumu akisikia "jamaa anasumbua" anafikiria kelele. Ukirekodi kwa simu, rekodi ukiwa umekaa, usizibe njia.

Sasa nirudi kwa yule dada. Mwaka wangu wa pili kazini binti mmoja alinifuata jikoni, kama wa miaka 20, akanong'ona kwamba mzee aliye pembeni yake anamgusa akisinzia. Ndege ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimechoka, na nikamwambia maneno yaleyale: amekunywa, atalala tu, vumilia kidogo. Mimi mwenyewe mwanamke. Akarudi kukaa. Nilipopita na toroli ya chai asubuhi nilimkuta amejikunja upande wa ujia, begi lake kaliweka katikati yao kama ukuta, hajalala hata kidogo. Hakunitazama. Sura yake naiona hadi leo.

Kinachotakiwa kufanywa nilikifanya kila mara baada ya pale. Anayehamishwa kwanza ni yule anayegusa, na aliyeguswa anaulizwa yeye anataka nini: abaki, ahame, akae na mhudumu. Pombe inasimama kwa huyo mtu safari nzima. Kapteni anaambiwa mapema ili polisi wawe mlangoni kabla watu hawajashuka. Majina na siti za mashahidi yanaandikwa wakati bado wamekaa, kwa sababu milango ikishafunguliwa kila mtu anakimbilia mizigo na ushahidi unatawanyika uwanjani. Wahudumu wa safari yako waliona mtu anakoroma wakaona yameisha. Hawakuona kwamba kosa lilikuwa limeshatendeka, mara tatu, mbele ya shahidi.

Na shahidi ni wewe. Umesema mlibadilishana namba na yule dada mkiwa kwenye foleni ya mizigo. Mpigie leo, umuulize kama anataka kulalamika, na kama anataka, umwambie utaandika ulichoona. Weka tarehe, namba ya safari, namba za siti zote tatu, na masaa kwa makadirio. Orodha ya abiria shirika linayo, kwa hiyo jina la wa dirishani si lazima mlijue ninyi. Apeleke kwa shirika na kwa polisi wa nchi mlikotua, kwa maandishi, na abaki na nakala. Akikwama mahali popote, niandikie faraghani humu, nitakaa naye tuipitie barua mstari kwa mstari.